Hoja ya Mbiti na hesabu ya miongo

Mhariri,

Mjadala wa falsafa ya Kiafrika ukigusa wakati, haukosi kurudi kwa John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya. Mwaka 1969 aliyatwaa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akadai kuwa katika fikra za jadi mustakabali wa mbali haupo. Ushahidi wake ulitegemea sana vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambavyo kwa hesabu yake havivuki miaka miwili mbele. Wengi wamemjibu kwa vitenzi vingine. Mimi naona vitenzi si mahali pa kutafutia.

Swali ni hili: ndani ya sasa, kuna kitu kinachoifanyia kesho kazi? Robert Rosen, mwanabiolojia wa Marekani aliyetumia hisabati, alieleza mwaka 1985 kuwa mfumo unaotazamia mbele hubeba ndani yake kielelezo chake wenyewe au cha mazingira yake. Kielelezo hicho hukimbia kuliko mambo yenyewe, na mfumo hubadili mwenendo leo kwa kufuata kinachosema. Kwa mfano, miti mingi ya nchi za baridi haisubiri barafu ndipo ipukutishe majani. Hufuata kufupika kwa mchana. Mchana mfupi hauui jani. Ni dalili tu iliyozoea kutangulia baridi.

Pwani yetu ina kielelezo cha namna hiyo. Hesabu huanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ile ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi Julai, kisha siku hukatwa kumi kumi, kila kumi likiitwa mwongo: miongo 36 na siku 5 za kufungia, jumla 365. Kwa miongo hujulikana majira ya pepo, ya mvua na ya kupanda. Boriti za mikoko za Rufiji ilibidi zikatwe na kupakiwa kaskazi ingali inavuma, ili maleleji, yaani kipindi cha pepo kugeuka, yakipita na kusi ikianza, jombo liwe tayari kurudi Uarabuni. Hakuna kitenzi hapo, ila kesho imeshaingia kazini.

Kielelezo hiki kina kasoro, na kasoro yenyewe inafundisha. Mwaka wa jua una siku 365 na takriban robo. Kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka 4, siku 24 hivi kwa karne. Tuseme kusi huanza katikati ya Aprili na Nairuzi iko 15 Julai: huo ni mwongo wa 28. Baada ya miaka 40, upepo uleule utaangukia mwongo wa 29. Anayeshika namba aliyoachiwa na babu bila kuisahihisha atawahi mno, na hesabu haitamwambia, kwa sababu haina jicho la kujitazama. Rosen alisisitiza hilo: kielelezo huacha nje baadhi ya mambo ya ulimwengu, na hayohayo ndiyo humpotosha anayekitegemea.

Dawa ni dalili ya pili isiyotoka chanzo kimoja na ya kwanza. Wahenga walikuwa nayo katika kilimia, lile kundi la nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Majira ya nyota hayo nayo huteleza, lakini kwa siku moja tu katika miaka 70 hivi.

Namtetea Mbiti kwa jambo moja. Sasa yake ilikuwa na kesho ya karibu ndani yake, na hapo hayuko mbali na mwanafalsafa Mwingereza Alfred North Whitehead, ambaye tangu 1929 falsafa ya mchakato humtegemea: tukio hupokea yaliyopita na kuelekea lisilokuwepo bado. Kosa lilikuwa kuipima kesho hiyo kwa miaka badala ya kwa kazi inayofanywa.

Ombi langu ni dogo. Pale mnapochapa nyakati za swala, ongezeni mstari wa mwongo wa leo kando ya tarehe. Utachukua nusu sentimita.

Msomaji wenu,
Unguja