Kaka, kabla hujafungua hiyo injini

Kaka shikamoo.

Nimeiona picha uliyoweka juzi, wewe na kofia yako umeegemea Land Cruiser ya zamani, FJ40 nyeupe, umeandika "mradi mpya". Wifi ameniambia umeinunua kwa mzee mmoja hukohuko Muscat na utakuwa unaitengeneza mwenyewe kila Ijumaa nyuma ya nyumba. Nilicheka mpaka mwanangu akauliza mama una nini. Afu kicheko kikakata. Nikakuandikia meseji nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikaona niandike hapa maana grupu la familia ulishatoka na simu yangu hupokei, lakini blogu yangu najua unasoma, wifi kakuchoma.

Nianze na ya maana. Usianze na rangi. Nakujua wewe, utaanza na rangi. Anza na breki. Zile mpira za breki zina miaka arobaini, kwa nje utaziona nzima kumbe ndani zimevimba njia imeziba, unakanyaga breki inashika afu ukiachia haiachii, tairi linawaka moto. Toa zote weka mpya, na mafuta ya breki mwaga yote, yale yananyonya unyevu hata gari ikiwa imelala tu. Kisha shusha tangi, lisafishe kutu, usije ukawasha injini na petroli iliyooza humo ukaipeleka kwenye kabureta. Na hiyo kabureta kabla hujachomoa hata kibomba kimoja cha vakyumu piga picha, kwa mbele, kwa pembeni, kwa juu, piga nyingi mpaka ujione mjinga, maana ile ina vibomba kama tumbo la ng'ombe na kesho yake hutakumbuka kipi kilitoka wapi.

Unalikumbuka boksi la sabuni? Lile Baba alilotoboa matundu manane kwa bisibisi, kila akifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, anachomeka pushirodi, vile vyuma vyembamba vinavyosukuma valvu, moja moja kwa mpangilio wake, mbele ya injini ndo mbele ya boksi. Wewe ulikuwa unamcheka, unasema vyuma vyote si sawa tu. Sio sawa kaka. Kila kimoja kimekulana na mwenzake miaka yote hiyo, ukivichanganya injini itakugongea kama fundi bati. Boksi ninalo, limelowa oili mpaka limekuwa kama ngozi. Wewe tengeneza lako, yako ni silinda sita kwa hiyo matundu kumi na mbili.

Ila kuna kosa moja wewe hutaliweza hata ukitaka. Injini yako hiyo, 2F, bloku chuma hedi chuma, silinda zimechongwa humohumo kwenye bloku. Peugeot 504 yetu, ile ya Baba, siyo hivyo. Yetu slivu, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zimekaa tu ndani ya bloku, maji yanazizunguka, chini kuna sili ya kuzuia maji na juu kinachozikandamiza zitulie ni hedi yenyewe. Ukishanyanyua hedi hakuna kinachozishika tena. Ukizungusha krenki hapo pistoni inapanda na slivu yake, hata kidogo tu, sili inaachia na maji yanashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nitalirudia hili, vumilia.

Nataka kwanza tuongee ile siku.

Arobaini ya Baba. Watu wamo ndani bado wanakula pilau, wanawake wanaosha masufuria pale kwenye karo, sheikh hata viatu hajavaa, na wewe ukaingia kwa mlango wa uani na mtu wa skrepa. Siku ya arobaini kaka! Hukusubiri hata turubai lishushwe. Yule jamaa akaizunguka gari, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba pale penye kutu chini ya mlango, pakabonyea, akajifuta kidole kwenye suruali. Akasema hii ni kama kilo elfu moja na mia mbili, nikitoa viti na matairi inashuka. Na wewe ukajibu, nimekusikia kwa masikio yangu nimeshika sinia la sahani chafu, "toa tu na viti".

Mama alikuwa ndani kwenye eda, hawezi kutoka kwenye watu. Akagonga nondo za dirisha kwa kijiko cha chai. Mara moja tu, ting. Uligeuka ukaangalia dirisha, uliangalia kaka usikatae, afu ukageuka ukaendelea kuongea bei.

Viti vile ndo ulilalia ulipopata malaria tukirudi kutoka Lushoto. Mama kakaa nyuma kapakata kichwa chako, mimi miguuni na sufuria la ndizi, Baba anashuka kona za Mombo kama yuko kwenye Safari Rali, anatusimulia kwa mara ya mia mbili habari za Bert Shankland, kwamba aliyebeba ushindi na Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967 alikuwa anaishi hapahapa Tanzania, na 1975 504 yenyewe ikashinda na Ove Andersson, sasa nyie mnaogopa nini. Na ile siku nyingine pale Soni, gari imechemsha, Baba katoka kutafuta maji katuambia msiguse, wewe ukashika mfuniko wa rejeta kwa fulana yako. Kovu la mkono wa kulia bado unalo, kwenye picha ya FJ40 nimeliona. Baba hakukupiga. Alikufunga mkono kwa kitambaa chenye maji, akakaa na wewe jiweni mpaka injini ikapoa yenyewe, afu akafungua mfuniko taratibu, robo mzunguko, akasubiri, robo tena. Wewe ndo uliyefunzwa kufungua mfuniko wa rejeta kwa ngozi yako mwenyewe, mimi nilikuwa wa kushika tochi tu. "Tochi hapa, sio hapo, hapa." Miaka kumi na moja nimeshika tochi. Mtu akishika tochi muda wote huo anaona mambo.

Haya, nirudi pale. Wiki tatu kabla ya Baba kufariki nilimpeleka hospitali na hiyohiyo gari, ikachemsha njiani. Kosa dogo kabisa. Unajua feni yetu haizunguki muda wote, inashikwa na sumaku ya umeme maji yakishapata moto, na umeme unapita kwenye kibrashi cha kaboni hata kidole hakifiki. Kibrashi kiliisha. Basi. Feni haikushika, joto likapanda, gasketi ya silinda hedi ikaungua, mimi na Baba tukapanda bajaji.

Nikaifungua hedi mwenyewe hapo uani. Baba yuko kitandani anaelekeza kwa dirishani, sauti imekwisha, mwanangu ndo anakimbia kuleta maneno. Babu anasema anza bolti za pembeni. Babu anasema usitie bisibisi kati ya hedi na bloku, hedi ni aluminiamu utaichimba. Babu anasema usizungushe krenki. Hilo alilisema mara mbili. Akalala. Na mimi nikaona pistoni mbili ziko chini, juu ya zile zilizo juu kuna masizi nimeshayasugua yakatoka vizuri, nikasema hizi nazo nizipandishe nizisafishe nifunge kazi iwe safi. Nikatia spana kwenye puli, nikazungusha. Niliona slivu ya tatu ikinyanyuka na pistoni. Nikairudisha kwa kibao na nyundo, nikafunga midomo. Nilipokuja kuchomoa bolti ya sampo oili ilitoka rangi ya chai ya maziwa.

Baba amekufa anajua ni gasketi tu. Siku mbili kabla aliniuliza umeshakaza hedi, nikasema bado nasubiri gasketi, akasema ukikaza anza katikati utoke nje. Ndo maneno ya mwisho ya maana tuliyoongea.

Kwa hiyo uliposema pale uani "hii imeshakufa" mimi nikakupigia kelele mbele ya watu, nikakwambia ni gasketi tu, hujui kitu, umekaa Uarabuni miaka yote hujui hata inafunguliwaje. Nilikuwa najua. Naomba hapo unisamehe. Ila kwa mtu wa skrepa na kile kijiko sijakusamehe, hayo ni mafungu mawili tofauti usiyachanganye.

Sasa kodi. Uliandika kwenye grupu, shangazi wote wanasoma, kwamba nimekula kodi ya vyumba vya uani. Sikuila. Vyumba viwili, elfu sitini sitini, miezi mitano, hiyo ni laki sita. Zimeingia kwenye seti ya slivu na pistoni, gasketi, sili, na kibrashi cha feni, vyote vimetoka Mombasa kwa mkono wa konda wa basi, maana huko 504 ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kuunda zile za kawaida, sio pikapu, 1983 na vipuri bado vinapatikana ukijua wa kumuuliza. Na mirathi naijua, usinifundishe. Thumuni ya Mama 75,000, inayobaki unachukua mafungu mawili mimi moja, kwa hiyo yako humo ni 350,000 na yangu 175,000. Mama yake kanipa kwa ridhaa. Yako sikukuomba, kweli. Lakini ningekuomba ungenipa? Ungesema nunua Toyota IST. Kila mtu aliniambia nunua IST, hata fundi niliyemwita anisaidie kupima slivu zimechomoza sawa juu ya bloku alisema dada hii pesa ongezea ununue IST. Na nani alikuwa anaishi na Mama, nani anasikia akiongea na gari ile usiku anapoenda kutawadha? Kuna kitu kimoja tu cha Baba kwenye nyumba hii kingeweza kutoa sauti tena, mimi ndo niliyekinyamazisha, ulitaka nifanye nini?

Wasomaji wengine mnisamehe, nimesahau kama mpo.

Iliwaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliopita. Mama alishatoka eda zamani, nikamleta akakaa kiti cha mbele, kilekile cha kupimwa kilo, na tasbihi yake. Valvu nilizipima asubuhi kabla ya chai, injini baridi kabisa kama alivyotaka Baba, za kuingiza milimita 0.10 na za kutolea 0.25, fila, kile kibati cha kupimia nafasi, iingie kwa kusitasita. Selfu ya kwanza ikakohoa, ya pili ikashika, moshi mweupe ukajaa uani mpaka jirani akafunga dirisha. Nikaiacha inguruma. Nilikuwa nimeinama nasikiliza slivu ya tatu, roho iko mkononi, dakika kumi, dakika kumi na tano, mshale wa joto unapanda, nikaanza kusogeza mkono kwenye ufunguo nizime. Ikasikika tak, feni imeshika. Mama hakufungua hata macho, akasema "hiyo", akasogeza punje nyingine ya tasbihi.

Oili nimeshaikagua mara tatu tangu hapo, nyeusi safi, haina maziwa. Sakafu ya upande wa dereva nimeichomelea bati jipya, hewa ya bahari ya hapa Tanga haina huruma. Bodi bado ina viraka kama kanga ya shambani na rangi sipigi mpaka mwakani, breki kwanza, nimeshakwambia.

Tatizo ni kadi ya gari. Ilikuwa kwenye lile faili la kijani la Baba, uliondoka nalo. Bila kadi siwezi kuikatia bima wala kuitoa barabarani, naizungusha alfajiri mpaka msikitini na kurudi kama mwizi. Hukuiuza kwa skrepa ile siku kwa sababu jamaa alitaka kadi na wewe ukasema imepotea, nimekuja kulijua hilo juzi kwa wifi. Mbona hukuniambia? Mwaka mzima nakusema kwa watu.

Mpe mtu anayekuja, usiitume kwa posta. Au ilete mwenyewe, kwa hesabu ya mirathi zaidi ya nusu ya gari hii ni yako hata hivyo.

Na ukifika kwenye waya za plagi, mpangilio wa hiyo yako ni 1-5-3-6-2-4. Uandike kwa chaki ndani ya boneti. Wetu Baba aliuandika kwa rangi ya kucha ya Mama, 1-3-4-2, chini yake kuna jina lako umelikwaruza kwa msumari.