Barua ya wazi kwa vijana wangu mnaochora picha na kuchonga mazeze Dodoma

Mbukwenyi, wajukuu.

Juzi mmoja wenu alinionesha kwenye simu picha ya zeze lililo ndani ya kabati la kioo, makumbusho fulani huko Ulaya. Kibao chake: "Zeze, Wagogo." Basi. Kabila zima limetajwa, fundi hakutajwa.

Baba yangu mdogo alichonga mazeze Mvumi, na kila moja alilitia alama tatu shingoni kwa msumari wa moto. Mgeni alipokuja kununua alipima urefu, akauliza ni mti gani, akaandika. Jina la fundi hakuliuliza. Na sisi tuliokuwa tumekaa pale hatukumwambia.

Msidhani kazi nzuri hujitangaza. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alipokufa 1890, waliomjua walikuwa wachache. Johanna, mjane wa mdogo wake Theo, ndiye aliyezitunza picha. 1905 zaidi ya 400 zikatundikwa katika jumba la makumbusho la Stedelijk, Amsterdam, na 1914 Johanna akachapisha barua za Vincent. Wataalamu walipata cha kusoma, wakaandika. Kwetu, Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alikuwa fundi wa kweli wa kupiga ilimba, ile ala ya vibao vya chuma ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze, sibishi, lakini pia alirekodiwa na jina lake likachapwa kwenye jalada. Wangapi walipiga vizuri jioni, watu wakacheza, asubuhi ikawa kama hawakupiga? Kule Kolo, Kondoa, ni hivyo hivyo: jina la Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya miambani mwaka 1951, tunalo. Waliochora hatuwajui.

Kwa hiyo nyuma ya kila picha andika jina lako kamili, kijiji na mwaka. Mtafiti akija, mkaribisheni, mpeni chai. Simchukii, bila hao mchwa wangekuwa wamemaliza mazeze yote. Ila kabla hajawasha kinasa sauti, aandike majina ya wote, hasa akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, maana wao ndio huishia kuitwa "kikundi cha wanawake". Na nakala irudi kijijini, si ahadi ya nakala.

Wewe uliyenionesha ile picha, nitafutie anwani ya makumbusho hayo. Nimeikuza picha kwa vidole kama ulivyonifundisha, na shingoni mwa lile zeze nimeona alama tatu.

Babu yenu