Kwa wanangu mnaosoma Baiolojia hapa Mombasa

Wanangu wa kidato cha tatu na cha nne,

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nilifundisha Baiolojia mpaka nikastaafu, na sasa wajukuu huniletea madaftari yao. Yana hati nzuri na wino wa rangi tatu. Juzi nilimwambia mmoja wao, "Nieleze osmosisi kwa Kiswahili." Akanisomea kwa Kiingereza, neno kwa neno, sentensi aliyoandikishwa darasani. Nilipomuuliza maana yake, alinyamaza.

Nikampeleka jikoni. Bibi yake alikuwa amekata maembe mabichi ya achari, akayatia chumvi. Hakuna aliyetia maji, lakini bakuli lilikuwa na maji. Yametoka wapi? Mtoto alitazama, akagusa kipande kilicholegea, kisha akasema polepole: yametoka ndani ya seli za embe, yakapita kwenye utando wa seli, yakafuata chumvi iliyo nyingi huko nje. Siku hiyo ndipo alipoielewa osmosisi, ingawa maneno yake alikuwa nayo tangu kidato cha kwanza.

Basi nawaomba, kila mada ielezeni kwanza kwa lugha mnayozungumza nyumbani. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mtauandika kwa Kiingereza, na istilahi zake hamna budi kuzijua, tahajia yake ikiwa sawasawa. Lakini kuelewa kutangulie.

Na tokeni nje. Sisi tuna bahati ambayo wenzetu wengi wa bara hawana: mikoko iko Tudor, iko Mikindani, na nauli ya kufika huko ni ndogo. Nendeni siku za bamvua, maji yakishakupwa. Tafuteni mchu, ambao vitabuni mtaukuta kwa jina la Avicennia marina. Ramba jani lake uone chumvi, maana mti huo huvuta maji ya bahari kisha ukaitoa chumvi kupitia majani. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, huizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi, kabla haijaingia. Miti miwili kwenye tope moja, na kila mmoja una njia yake. Angalieni pia vile vijiti vilivyochomoza topeni kuuzunguka mchu. Ni mizizi, nayo imekuja juu kutafuta hewa, kwa sababu tope lile halina oksijeni ya kutosha. Ukishaviona hivyo, somo la ubadilishanaji wa gesi halitakutisha tena. Wavuvi wa hapo waulizeni majina ya miti, kwa adabu. Wengine wanaijua kuliko sisi walimu.

Jambo la tatu ni kuchora, na hili bado linaniuma. Mimi nilisoma enzi za kidato cha tano na cha sita, kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuviondoa. Katika jaribio moja la maabara tulipewa panzi. Wangu alikuwa amekatika mguu mmoja wa nyuma. Mimi nilichora miguu sita, kwa kuwa kitabu kilisema sita. Mwalimu aliandika pembeni: "Huu wa sita umeuona wapi?" Nilikuwa nimekaa na mdudu yule nusu saa nzima bila kumtazama.

Karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya vitendo, ina alama 40, na wengi huzipoteza hivyo hivyo. Chora ulichowekewa mezani. Mstari mmoja safi wa penseli, bila kutia kivuli. Mistari ya kuonyesha majina ya sehemu isikatane. Ukuzaji, yaani mchoro ni mkubwa mara ngapi kuliko kitu, ni urefu wa mchoro kugawanywa kwa urefu wa kitu chenyewe, nao hauna kipimo cha sentimita wala milimita.

Mnaosoma somo hili kwa kuwa tu mzazi anataka daktari nyumbani, nanyi wenyewe hamtaki, zungumzeni naye mapema, kwa heshima.

Mkienda mikokoni vaeni viatu, tope lina vigae na makombe makali. Mizizi msiikanyage. Mkirudi na michoro, nileteeni niitazame; alasiri huwa nipo barazani.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Tudor