Kabla hujaanza Jumatatu

Bukavu

Kwako dada Furaha,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba umeshaandikisha wamama 20 waliobakwa kwa kikundi chako cha tiba ya mazungumzo huko Uvira. Dada, 20 ni mkutano huo! Chukua 6 hadi 8, wengine wafungulie kikundi cha pili.

Tena usianze na kikundi. Kaa kwanza na kila mmoja faraghani, na swali hili usiliruke: je, hivi leo nyumbani kuna anayekupiga? Wengi wetu hujikwaa hapa. Kikundini tunamsaidia mama kuchambua wazo kama "nilijitakia, kwa nini nilipita njia ile ya shamba?" Likichambuliwa, linalegea. Lakini aliyepigwa na mumewe jana akisema anaogopa kurudi, hofu hiyo ina haki. Ukimfundisha kuituliza, umemziba mdomo mbwa anayebweka na mwizi yuko uani. Huyo panga naye kwanza: usiku atakimbilia kwa nani, watoto atawabeba nani, kadi yake na pesa kidogo zifichwe wapi. Aliyebakwa juzi apelekwe hospitali kabla saa 72 hazijaisha. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazingoji kikao.

Baada ya hapo, vikao 11, kila kimoja cha muda wa saa 2. Ndivyo tiba hii ya kuchambua mawazo kikundini ilivyofanyika hapa kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Miezi 6 baadaye, kati ya waliotibiwa kikundini, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkali walikuwa asilimia 9. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja tu, bila tiba ile, asilimia 42. Na tiba ile haikudai mtu asimulie kisa chake chote. Wewe pia usidai, maana simulizi ya mmoja hutonesha vidonda vya wenzake.

Mmoja akilia, jirani yake atamfuta kwa ncha ya kitenge na kumwambia "nyamaza, mama". Waeleze mapema kwamba kulia kunaruhusiwa.

Wachanga wanaonyonya waingie. Wa miaka 3 tafutia mlezi nje: jioni atayarudia maneno yote mbele ya baba yake. Daftari lako lisiandikwe majina.

Uji uweke mwishoni. Ukiugawa mwanzoni, watatoka moja kwa moja kutoka kwenye machozi hadi barabarani. Wakinywa pamoja, mapigo ya moyo yanashuka, mazungumzo yanageukia bei ya mihogo, ndipo wanafunga vitenge na kuondoka wawili wawili.

Nitumie ratiba yako niiangalie.

Dada yako,
Neema