Gavana Theluji

Dar es Salaam

Kwako rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku joto ni lilelile, na watoto wanamuulizia mjomba wao wa Dodoma atakuja lini.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kuna neno lako lilinikaa kichwani. Uliandika kwamba wakili wa serikali hana bwana ila sheria. Watawala waje, waende, yeye yupo na vifungu vyake. Nikamkumbuka Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Mjerumani hapa kwetu. Jina lake maana yake theluji, na jamaa akaletwa Dar!

Naye alikuwa mwanasheria. Alizaliwa 1871, wiki mbili na kitu tu baada ya dola ya Ujerumani kutangazwa. Akaanzia New Guinea akiwa hakimu, akapita Samoa, mpaka 1912 alipopewa ugavana wetu. Vita vilipozuka 1914, yeye alikimbilia vifungu: mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa makoloni ya ukanda huu kukaa kando ya vita vya Ulaya. Isitoshe, kwa sheria gavana ndiye aliyekuwa juu ya jeshi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, luteni kanali tu, hakumsikiliza. Akaenda kupigana Tanga, akashinda, na baada ya hapo nani tena angesoma mkataba? Gavana akabaki kuburutwa nyuma ya jeshi, Morogoro, Tabora, hadi Msumbiji, mpaka waliposalimisha silaha Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) Novemba 1918.

Ningemhurumia, Hamisi, kama si nafaka na ng'ombe waliozolewa Ugogo, kwanza na watu wake, kisha na Waingereza. Habari za Mtunya, ile njaa kubwa iliyofuata, unazijua wewe kuliko mimi.

Kaiser, mfalme wao, akakimbilia Uholanzi. Bwana Theluji akaingia bunge la jamhuri mwaka 1924, na mwaka huohuo akatoa kitabu kizima cha kusema kwamba hatia ya Wajerumani katika makoloni ni uongo uliotungwa. Kitabu kizima! Mwaka 1932 akawa mmoja wa wajumbe watano wa tume ya Lytton, waliotumwa na Shirikisho la Mataifa kuchunguza Wajapani walivyoitwaa Manchuria. Gavana mstaafu wa koloni anakwenda kukagua nani kapora ardhi ya nani. Nilicheka peke yangu.

Mwaka uliofuata akajiunga na Wanazi. Akarudi bungeni, sasa bunge la kupiga makofi tu, akakaa humo hadi 1945. Nadhani alichotaka muda wote ni koloni lirudi, na yeyote aliyeonekana anaweza kulirudisha alimfaa. Nao hawakumpa kitu: mwaka 1936 walikivunja hata kile chama cha wapenda makoloni alichokuwa akikiongoza. Akafa kwa ajali ya barabarani Berlin, Juni 1949, mwezi mmoja baada ya Ujerumani Magharibi kuundwa. Sijui kama na hiyo ingempa kiti.

Sasa nina ombi. Ukienda Mpwapwa, muulize bibi yako mama yake alimsimulia nini kuhusu Mtunya, walikula nini, nani hakurudi. Uandike kama anavyosema yeye, kwa Kigogo, usinifupishie kiwakili. Nitatafuta mtu wa kunifasiria.

Wako,
Idrisa