Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwalo Wetu wa Mitumbwi ya Tanga

Ndugu wanachama wa Mwanza mjini, na ninyi mliovuka kutoka Ukerewe na Ukara,

Mwaka jana niliahidi kwamba mwalo wetu wa zamani utapokea tena mitumbwi ya tanga. Umepokea, ingawa upande mmoja bado una tope hadi magotini.

Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, na tena 2024, yalimeza ukuta wa mawe wa wazee wetu pamoja na mchanga tuliokuwa tukivutia mitumbwi nchi kavu. Baadhi yenu mlitaka tumwage zege. Nilipinga, na bado napinga. Mtumbwi wa mbao ukiburutwa juu ya zege, mkuku, yaani ubao wa chini kabisa, unalika. Wimbi likiubamiza, mbao zinaachana na pamba ya kalafati, inayoziba nafasi kati yake, inatoka. Kwenye mchanga hauumii. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inabana shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Basi tukazamia mawe yaleyale ya wazee, tukayapanga upya bila saruji.

Kinamama waanika dagaa ndio walioongoza kung'oa magugu maji, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nawashukuru kwa moyo wote. Sehemu yao ya kuanikia haitaguswa.

Fundi tuliyempa malipo ya awali ya gati hakurudi. Tulikosea kumlipa kabla ya kazi, na saini ni yangu.

Wageni hupenda kuoneshwa Kageye, kijiji cha ufukweni ambako mpelelezi Henry Morton Stanley aliunganisha mashua yake, Lady Alice, mwaka 1875. Waambieni pia kwamba ilifika vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, na kwamba ilikuta mitumbwi ya Wakerewe ikivuka ziwa hili siku zote.

Ukuta tumeuinua, mafundi ndio wanaonikosesha usingizi. Anayejua kushona tanga kwa mkono kati yetu amebaki mzee mmoja, na macho yake yamechoka. Vijana wawili wamekubali kukaa naye mwaka mzima, lakini wana familia, hawawezi kujifunza kwa njaa. Napendekeza posho yao itoke kwenye ada. Ambaye hajalipa amwone mweka hazina kabla hatujaanza kupiga kura.