Mguu unapoinuka kwenye breki

Rafiki yangu wa dhati,

Salamu nyingi sana. Faili lako la grafu za mizunguko kumi ya Monza, ule uwanja wa mbio za magari wa Italia tunaoukimbia kwenye mchezo wa kompyuta, nililipata juzi, na jana nimekaa nalo hadi saa saba usiku. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako halijibiki kwa maneno mawili.

Umeniuliza alama yako ya kukanyaga breki uisogeze wapi. Nakuomba uiache hapo hapo ilipo. Shida yako haiko pale unapokanyaga, iko pale unapoachia.

Tazama zile kona mbili za kwanza, kulia kisha kushoto, mwisho wa barabara ndefu ya kuanzia. Unafika na kilomita 270 kwa saa, yaani mita 75 kila sekunde. Kwenye grafu, mstari wako wa breki unapanda polepole, unachukua sehemu nne za kumi za sekunde kufika juu. Piga hesabu: karibu mita 30 zimeshapita na breki haijashika sawasawa. Kisha unaishikilia palepale juu, na ghafla inaporomoka hadi sifuri, kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Baada ya hapo kuna kipande ambacho mstari wa breki na wa pedali ya mafuta yote imelala chini. Gari linajiendea tu.

Ukikanyaga breki, uzito unaegemea mbele na matairi ya mbele yanakandamizwa kwenye lami. Ukiutoa mguu kwa mkupuo, pua inainuka, na matairi yale yanapungukiwa na mzigo wakati uleule unapoyataka yakate kona. Ndiyo maana uliniambia gari linagoma kuingia. Umelinyima mzigo wake, basi.

Mwanzoni, mwendo ukiwa mkubwa, hewa inaligandamiza gari chini na matairi yanastahimili breki kali. Mwendo ukipungua, mgandamizo nao unapungua, kwa hiyo mguu ufuate. Mstari mzuri wa breki hupanda kama ukuta na kushuka kama mteremko. Sasa weka juu yake mstari wa usukani. Unatakiwa uone mkasi: breki inashuka, usukani unapanda, vinapishana njiani. Tairi lina mshiko mmoja tu, na kazi ya kupunguza mwendo na kazi ya kukata kona zote zinachota humo humo. Kwako mkasi haupo. Breki inakwisha kwanza, panabaki pengo, ndipo usukani unaanza.

Hili nalijua kwa sababu lilinila miezi miwili. Kila jioni nilikuwa nasogeza alama ya breki mbele kidogo, na muda haushuki. Kilichonifungua macho ni Lesmo ya pili. Niliacha kona nyingine zote, nikafanyia mazoezi hiyo tu, nusu saa kila siku, nikiachia breki kidogo kidogo huku nausikiliza usukani. Siku moja ukawa mzito mkononi kuliko nilivyozoea, uzito wa matairi yaliyouma kweli, na pua ikaingia ndani bila kulazimishwa. Nilipofungua grafu, mkasi ulikuwa umechorwa. Niliutazama ule mchoro muda mrefu, naona raha mpaka leo nikiukumbuka.

Kuhusu pedali ya mafuta nina neno moja. Ukiona mstari wake umepanda, umeshuka, umepanda tena katikati ya kona, ujue ulikanyaga mafuta mapema. Kwenye Parabolica, ile kona ya mwisho, unafanya hivyo karibu kila mzunguko. (Tangu 2021 jina lake rasmi ni Curva Alboreto, kwa heshima ya Michele Alboreto, dereva wa mbio wa Italia, ila najua tutaendelea kuiita kwa jina la zamani.)

Unapolinganisha mizunguko miwili kwenye MoTeC, ile programu ya kusomea grafu, ilinganishe kwa umbali, usiilinganishe kwa muda, la sivyo kona hazitakaa juu ya kona. Na ule mstari wa tofauti ya muda ukianza kuinama, usikodolee macho pale pale, rudi nyuma. Unachopoteza kwenye barabara ya kuelekea kona za Ascari ulikwisha kukipoteza ulipokuwa unatoka Lesmo ya pili. Mzunguko wa kwanza na wa pili viache, matairi bado ya baridi, yatakudanganya.

Pedali usinunue kwanza. Ni kweli zile zinazopima nguvu ya mguu ni bora, kwani mguu hukumbuka nguvu kuliko umbali. Lakini hizo ulizonazo zinatosha kabisa kuchora mkasi, na ukizoea kuachia vibaya utaachia vibaya hata kwenye pedali ghali. Seti ya gari, yaani mipangilio yake, nayo usiiguse mpaka mstari wa breki utulie, maana ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Wiki hii fanya kona ya Roggia peke yake. Kanyaga kwa mara moja, kwa nguvu, halafu hesabu kimoyomoyo unapoachia, na mguu utoke wote pale unapofika ndani kabisa ya kona. Ukikosea alama ya breki, endelea tu, usianze upya. Jumapili nitumie faili, kiasi kilekile cha mafuta kwenye tangi kama mara hii. Nitaanza na mzunguko wa nne.

Wako,
rafiki yako wa siku zote